Usimwite Mwanao, Mlipe Ujira Wake

Leo sina picha ya gauni wala mtindo mpya wa kufunga mtandio. Nina neno, na najua baadhi ya wenye vyerehani wenzangu watanuna. Wanune.

Katika kazi yetu hii ya ushoni kuna kauli tamu inayoficha dhulma nyingi: "Huyu ni kama mwanangu." Msichana anamaliza skuli, mama yake anampeleka kwa fundi akajifunze. Miezi ya mwanzo sina ugomvi nayo. Anaharibu vitambaa, anavunja sindano, mkono wa gauni anauunga kinyume. Huyo kweli mwanafunzi. Lakini mwaka wa pili anakata, anashona, anapiga ovaloki, anatia shanga, na mteja akija anapimwa na yeye. Bado anaitwa mwanafunzi! Sikukuu anapewa doti ya kanga na nauli, na akiuliza mshahara anaambiwa, "Tokea lini mtoto akamdai mamaake?"

Nimepita huko. Baada ya kozi yangu ya ushoni nilikaa kwenye duka moja, sitalitaja, tukiwa wasichana wanne. Kumi la mwisho la Ramadhani tulishona mpaka wakati wa daku. Mwenye duka alitufuturisha vizuri, sisemi uongo: uji, sambusa, maandazi, mpaka tunasaza. Pesa ya kazi ilikuja nusu, nusu nyengine ikawa "baada ya sikukuu", na sikukuu zimepita ngapi sasa. Mwenzetu mmoja aliposhika mimba aliambiwa akapumzike nyumbani, atapigiwa simu. Hakupigiwa.

Futari ni sadaka yake, thawabu atazikuta kwa Mola wake. Ujira wetu ulikuwa deni.

Na wanaosema kwamba watu wa nyumba moja hawaandikiani masharti, wasome Suratul Qasas. Nabii Musa, amani iwe juu yake, amekimbia Misri hana kitu, amefika Madyan, amewanyweshea mifugo mabinti wawili. Binti mmoja ndiye aliyemwambia baba yake amuajiri. Mzee akataka kumuoza. Hakusema, "Sasa wewe mwanangu, fanya kazi, mengine tutaona." Alitaja muda: miaka minane, na akitimiza kumi ni hiari yake, na akasema hataki kumtaabisha. Musa naye akajiwekea kinga yake, kwamba muda wowote kati ya hiyo miwili akiumaliza asidhulumiwe, na Mwenyezi Mungu ndiye shahidi. Bi harusi unayenisoma, mahari ya ndoa ile ilikuwa kazi, na mtu na mkwewe walikubaliana wazi kabla kazi haijaanza. Sisi ni nani tuone haya kumwambia msichana wa watu kwa mwezi atapata kiasi gani?

Hadithi ya kulipa ujira kabla jasho halijakauka, iliyopokewa na Ibn Majah, tunaijua sote, na tunaisema zaidi tunapodai sisi. Ile ya Bukhari tunaipita haraka: watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyeajiri mtu, akaichukua kazi yake yote, asimpe ujira wake.

Sheria za dunia nazo zipo. Zanzibar tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, yenye mkataba, likizo ya mwaka na likizo ya uzazi yenye malipo. Haikuandikwa kwa ajili ya mahoteli ya Nungwi peke yake. Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya mwaka huohuo inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. Huku madukani, hata kuulizana mshahara wasichana wanakatazwa.

Linaloniudhi zaidi ni radhi. Msichana akiaga aende akafungue cherehani chake, mwenye duka anashika mshahara wa mwezi wa mwisho na kumwambia, "Umeniibia wateja, sikupi radhi." Radhi ya mama anayo mamaake aliyemzaa! Wewe ni muajiri. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti ya dada zetu wa Kitanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, waliozuiliwa pasipoti na kunyimwa mishahara. Tulilia hapa, tukawalaani matajiri wao. Sasa anayemzuilia binti wa Kwahani mshahara wake ili asiondoke, tumwiteje?

Wenzangu mtaniambia biashara ndogo, umeme unakatika, wateja hawalipi. La wateja ni kweli, na hapo nakuja kwako bi harusi. Unakuja na picha kwenye simu siku kumi kabla ya ndoa, unataka gauni, la mama, na la masomo wanane. Unashusha bei mpaka mwisho, unatanguliza kidogo, na siku ya kuchukua unasema baki utaleta fungate ikisha. Ukumbi umelipa wote, mpambaji umemlipa wote. Baki yako ile ndiyo ujira wa aliyekesha kukutilia shanga.

Kwangu mimi gauni halitoki mpaka limalizwe kulipwa, na ndugu zangu wa damu wamenuna kwa hilo. Wasichana wangu kila mmoja ana karatasi yenye mshahara, saa za kazi na siku za mapumziko. Kazi ya usiku inalipwa mbali na anayetaka kwenda kulala anakwenda. Anayetaka kufungua duka lake ananiambia tu, namlipa tarehe zake mpaka siku ya mwisho.

Shaabani inakaribia na harusi zimeshaanza kupangwa. Mwaka huu napokea magauni kumi na mawili tu, vyerehani ni vitatu. Likiletwa la kumi na tatu, mwenyewe nitamuelekeza kwa msichana wangu wa zamani, duka lake liko mtaa wa pili.