Mvua ya Handeni si mvua ya Pemba

Kila mwaka mambo hujirudia. Taarifa ya mwelekeo wa mvua za msimu hutolewa Dar es Salaam, redio huisoma jioni, na haipiti siku nyingi kabla bei ya gunia la mahindi haijaanza kusogea Handeni na Korogwe, ingawa hakuna tone lililoanguka. Ikisemwa kuwa mvua zitakuwa chini ya wastani, mwenye mzigo hufunga ghala. Ikisemwa kuwa zitakuwa juu ya wastani, mwenye mzigo huyo huyo hukimbilia kuuza, na walanguzi huingia vijijini kununua mahindi yakiwa bado shambani.

Biashara ya namna hii haina tofauti kubwa na bahati nasibu. Lawama haiwaendei watabiri, kwani kazi yao wanaifanya. Lawama inaliendea soko, ambalo linadai kupata bei ya gunia kutoka katika taarifa ya miezi mitatu ambayo haikuandikwa kwa ajili hiyo. Taarifa inayomfaa mfanyabiashara wa nafaka ni ile ya wiki na ya siku kumi. Hiyo ndiyo ambayo wengi hawaisomi.

KAPU MOJA, NCHI MBALIMBALI

Katika taarifa zake za msimu, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) huiweka pwani ya kaskazini katika kapu moja. Ndani ya kapu hilo mna mkoa wa Tanga, mkoa wa Pwani pamoja na kisiwa cha Mafia, Dar es Salaam, kaskazini mwa Morogoro, na visiwa vya Unguja na Pemba. Sentensi moja, basi, inamhusu mwenye mikarafuu wa Wete na mkulima wa mahindi wa Sindeni kwa wakati mmoja. Pemba imezungukwa na bahari na hupata mvua nyingi mno kuliko Handeni. Upungufu ambao Pemba huonekana kama mapumziko ya matope, Handeni ni njaa.

Jambo la pili ni neno lenyewe "wastani". Kwa hesabu za TMA, mvua ya wastani ni ile iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu. Mahali ambapo wastani huo ni milimita 300, msimu wa milimita 225 ni wa wastani, na msimu wa milimita 375 nao ni wa wastani. Tofauti kati yao ni milimita 150. Milimita moja ya mvua juu ya ekari moja ni lita 4,000 na ushee, yaani mapipa 20 ya lita 200. Milimita 150 ni mapipa 3,000 kwa kila ekari. Mapipa hayo yote yanaweza kuwepo au kukosekana, na taarifa ya msimu bado ikahesabiwa kuwa ilikuwa sahihi.

Ni kweli kwamba katika miaka ya karibuni Mamlaka imekuwa ikitoa pia utabiri wa ngazi ya wilaya, na hiyo ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, wilaya zenyewe hazina sura moja. Korogwe ni mfano mzuri. Bungu na Vugiri ziko juu kwenye milima ya Usambara, ambako pepo za baharini huacha unyevu wake na chai hustawi. Mombo na Mkomazi ziko nyuma ya milima hiyo, ambako mvua ni haba na mpunga hutegemea maji yanayoteremka kutoka juu. Mto Pangani unaopita mjini hupata sehemu kubwa ya maji yake Kilimanjaro na Meru, hivyo unaweza kujaa huku shamba lililo kando yake likiwa limekauka.

Handeni haina milima ya namna hiyo wala mto mkubwa wa kutegemea. Hata maji ya kunywa ya mji huo yameletwa kwa mradi wa HTM, unaovuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe. Uzigua una kumbukumbu ndefu ya njaa, tangu enzi za Wajerumani na Waingereza, na mahindi yake husimama au huanguka kwa mvua iliyonyesha juu ya shamba lenyewe.

MIAKA ILIYOPITA INASEMA NINI

Kumbukumbu za soko zinaonyesha hatari ya kutafsiri mvua kuwa bei moja kwa moja. Vuli ya 1996 na masika ya 1997 zilikuwa mbaya, na chakula kikawa ghali. Kisha ikaja El Niño, na mvua za kuanzia Oktoba 1997 hadi mapema 1998 zikakata reli na barabara sehemu nyingi za nchi. Oktoba 2019, wakati Bahari ya Hindi upande wa Afrika Mashariki ilipokuwa na joto kupita kawaida, mvua kubwa zilikata mawasiliano ya barabara kati ya Handeni na Korogwe.

Mvua "nzuri" kwa tarakimu, basi, inaweza kuwa mbaya kwa mfanyabiashara. Barabara ya Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65 za lami, lakini mahindi hayazaliwi kwenye lami. Yanatoka katika vijiji ambako njia ni ya udongo, na fuso likikwama huko wiki mbili, mzigo wake haushushi bei ya Korogwe hata kidogo. Bei hushuka shambani na kupanda mjini katika wiki ile ile.

Kinyume chake, vuli ya 2022 ilikuja wakati La Niña ikiwa katika mwaka wake wa tatu mfululizo. Mvua zilikuwa haba, na bei ya mahindi ilikuwa juu sana hadi mapema 2023. Agosti 2023 TMA ilitangaza kuwa vuli ingekuwa juu ya wastani kwa sababu ya El Niño, na mvua kubwa zilikuja kweli. Mwelekeo, kwa hiyo, ulisomwa vizuri katika miaka yote miwili. Kwa ujumla vuli hufuata hali ya joto la bahari kwa karibu zaidi kuliko masika, na hivyo hutabirika vizuri zaidi. Mfanyabiashara anayeuamini utabiri wa vuli na wa masika kwa kipimo kimoja anajidanganya.

Aidha, kuna mvua nyingine ambayo soko la Tanga husahau kuiangalia. Ruvuma, Rukwa, Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Mikoa hiyo ikivuna vizuri, malori yake hufika Dar es Salaam na kwingineko bila kujali kama Handeni ilikauka. Mtu aliyefunga ghala Korogwe kwa kuamini ukame wa Handeni anaweza kujikuta anashindana na mahindi ya Songea.

HESABU YA ANAYESUBIRI

Chukulia mfanyabiashara mdogo wa Korogwe mwenye magunia 50 aliyoyanunua kwa Sh. 70,000 kila moja. Fedha iliyotumika ni Sh. 3,500,000, na nusu yake ni mkopo wenye riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Amesikia mvua zitakuwa haba, akafunga ghala miezi minne. Riba peke yake ni Sh. 210,000. Dumuzi na unyevu wakimla magunia matatu, anabakiwa na 47 ya kuuza. Ili arudishe fedha yake tu, bila faida, kila gunia lazima liuzwe kwa karibu Sh. 79,000, na hapo hajalipa ghala, dawa wala mlinzi. Utabiri unaweza kuwa sahihi na yeye bado akapata hasara, ikiwa bei haikupanda kwa kiasi hicho au imepanda akiwa tayari ameshindwa kuvumilia mwenye deni lake.

Kwa upande wa mkulima hali ni mbaya zaidi. Anayeuza mahindi yakiwa mabichi shambani, kwa kuambiwa kuwa mvua ni nyingi na bei itaanguka, mara nyingi ndiye anayerudi sokoni miezi michache baadaye kununua chakula kwa debe, kwa bei ya mjini. Faida ya mlanguzi hapo haitokani na ujuzi wa biashara. Inatokana na kwamba mmoja amesikia habari ya mvua na mwingine hana njia ya kuipima.

WIKI TATU ZENYE UZITO

Msimu wa mahindi una wiki chache zinazoamua mambo. Ya kwanza ni wiki ya kupanda. Mvua ikinyesha siku mbili tatu kisha ikakatika kwa siku kumi au zaidi, mbegu huota na kukauka, na mkulima hurudia. Mwenye duka la pembejeo anayefuatilia taarifa za siku kumi hubakiza mbegu za muda mfupi kwa ajili ya wanaopanda mara ya pili. Asiyefuatilia huwa amekwisha kujaza duka mbolea isiyo na mnunuzi.

Ya pili ni wiki ambayo mahindi yanatoa mbelewele, miezi miwili hivi baada ya kupanda kwa mbegu nyingi. Ukavu wa siku kumi wakati huo hupunguza mavuno kuliko ukavu wa siku kumi wakati mwingine wowote. Jumla ya mvua za msimu inaweza kufikia wastani na magunzi yakatoka matupu, kwa sababu mvua ilikosekana wakati ulipohitajika. Anayetaka kujua kama bei itapanda na asome taarifa za wiki hizo.

Ya tatu ni wiki ya kuvuna na kuanika. Mahindi ya kuhifadhi hayatakiwi kuzidi unyevu wa asilimia 13.5. Mvua isiyotarajiwa wakati huo huleta ukungu na sumukuvu, na mzigo unaoonekana wa bei rahisi hugeuka hasara ghalani. TMA huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Tahadhari ya namna hiyo ikitolewa wakati wa mavuno, ni ya mwenye ghala kama ilivyo ya mwenye nyumba bondeni.

Mkonge una hesabu yake. Mashamba ya Korogwe kama Magunga, Ngombezi, Mwelya, Magoma na Hale hayaanguki kwa ukavu wa wiki tatu. Lakini korona huhitaji maji mengi ya kusafishia singa, na singa huhitaji jua la kuanikia. Mwenye lori la kusomba majani au aliyewekeza kidogo katika mkonge anaumizwa na mvua inayokawia kwisha kuliko na ukame mfupi.

KIPIMA MVUA PENYE BEI

Wapo watakaosema kwamba hata taarifa za siku kumi ni za eneo pana na hukosea, na kwamba mzee wa kijiji anayeangalia mawingu na miti anatosha. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini dawa yake haiwezi kuwa kuacha kusoma taarifa. Dawa ni kuongeza vipimo vya papo hapo vya kuzilinganisha nazo.

Kipima mvua cha kawaida ni chombo kidogo kisicho na mashine. Husomwa mara moja kwa siku, saa tatu asubuhi, na mtu yeyote anayejua kusoma namba. Bwana shamba wa kata au mwalimu anatosha. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuzifikisha tarakimu hizo sokoni. Masoko na magulio ya Mkata, Kabuku, Sindeni, Magoma, Mashewa na Mombo yangepaswa kuwa na ubao mmoja wenye safu mbili: bei za wiki, na milimita za wiki za kata zinazoleta mazao hapo. Halmashauri hutoza ushuru wa mazao. Sehemu ndogo sana ya ushuru huo ingetosha kwa vyombo, ubao na chaki.

Faida ingekuwa ya pande zote. Mnunuzi angejua kata ipi imekosa mvua wakati wa mbelewele na ipi imepata, badala ya kuichukua Handeni nzima kuwa kavu. Mkulima angekuwa na jibu mbele ya mlanguzi anayemwambia kuwa mavuno ni makubwa kila mahali. Chama cha akiba na mikopo kingejua ni wapi marejesho yatachelewa kabla hayajachelewa.

Hadi hapo, mwenye mtaji mdogo anashauriwa asifunge wala kufungua ghala kwa sababu ya taarifa ya msimu peke yake. Auze kwa mafungu. Asome taarifa ya siku kumi kila inapotoka, aulize mvua imenyesha lini na wapi, aulize habari za Songea na Sumbawanga, kisha aangalie barabara. Mvua inayopanga bei ya gunia ni ile iliyofika shambani kwa wakati wake, na kuacha njia ikipitika.