Kumbukumbu za Baraza la Mombasa: tuanze na jedwali tu

Jamani, leo tuache simu mpya kidogo tuzungumze mafaili.

Mji wa Kale wa Mombasa ni eneo la hifadhi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwenye nyumba Ndia Kuu au Kibokoni haamki tu akabomoa roshani, anahitaji idhini. Sasa jirani yako akikubaliwa, nawe ukakataliwa kwa jambo lile lile, utajuaje? Jibu limo kwenye kumbukumbu za mikutano ya madiwani na kamati zao. Baraza la manispaa lilimalizika 2013 kaunti zilipoanza, ila maamuzi yake hayakufa nalo.

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inataka ombi la mwananchi lijibiwe ndani ya siku 21. Kifungu cha 17 kikazipa ofisi za umma miaka mitatu kuingiza kumbukumbu kwenye kompyuta. Piga hesabu: 2019! Karani anayepekua karatasi moja moja ataziwahi vipi hizo siku 21?

Najua kitakachofuata: zabuni ya "mfumo" wa mamilioni. Mimi sitaki mfumo. Nataka picha safi za kurasa, Tesseract (programu huria, ni bure) isome herufi zilizopigwa taipu, na jedwali la safu nne: tarehe, kamati, namba ya azimio, mahali. Yaliyoandikwa kwa mkono asome mtu.

Kazi ngumu ni hiyo safu ya mahali. Digo Road zamani ilikuwa Salim Road. Moi Avenue ilikuwa Kilindini Road. Ukitafuta jina la leo, kompyuta itakuambia hakuna kitu, na wewe utaamini! Kwa hiyo lazima kuwe na jedwali la pili la majina ya zamani na mapya, na hilo halijazwi na kijana wa kompyuta kama mimi. Wakalishwe wazee wa Mji wa Kale, walipwe kama mafundi wengine.

Wapo watakaosema majina ya watu yataanikwa. Hoja nzuri, lakini dawa yake ni kufunika jina na kuacha uamuzi usomeke. Kufungia faili zima kabatini kwa sababu ya mstari mmoja, hapo sikubali.

Wewe mkazi wa kisiwani, mtaa wenu ulikuwa ukiitwaje?