Sanduku Linalosafiri na Mfuko Unaobaki

Mwezi huu tunaweka kando mapishi na ushonaji, tuzungumzie jambo linaloingia katika nyumba zetu nyingi: mama anapopata safari ya ng'ambo, si ya wiki mbili, bali ya mwaka mzima au zaidi.

Jumamosi moja tulikusanyika akina mama wa jumuiya nyumbani kwa mwenzetu aliyepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Uingereza. Ana mume na watoto wawili, mkubwa miaka saba na mdogo mitatu. Tangu Januari 2024 sheria ya huko haiwaruhusu wanafunzi wengi wa shahada ya uzamili ya masomo ya darasani kufuatana na mume na watoto. Kwa hiyo watoto watabaki na baba yao, na mama mkwe amekuja kutoka kijijini kukaa nao.

Tulikwenda kumsaidia kufunga sanduku. Tulipolipima, mizani ilisoma kilo 31. Tiketi yake inaruhusu kilo 23, na kilo saba za mkoba wa mkononi. Basi tukalifungua, tukaanza upya. Haya ndiyo tuliyojifunza siku hiyo.

Hati kwanza

Kabla ya nguo hata moja, panga karatasi: pasipoti, barua ya chuo au ya kazi, vyeti vya shule, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa na kadi ya chanjo. Cheti cha homa ya manjano usikitupe hata kama kinaonekana cha zamani. Kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, tangu Julai 2016 chanjo hiyo inatambuliwa kwa maisha yote. Anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita kutoka kwetu hupimwa pia kifua kikuu kabla ya kupewa viza. Cheti hicho nacho akichukue.

Karatasi hizi hazikai katika sanduku kubwa. Sanduku huweza kuchelewa au kupotea, nawe ukafika mlangoni mwa nchi ya watu mikono mitupu. Ziweke katika mkoba usioutoa begani. Toa nakala mbili za kila moja: moja ikae sandukuni, nyingine ibaki nyumbani. Zipige picha pia, uzitunze katika simu. Anwani ya unakofikia iandike kwenye karatasi, maana simu huzima chaji saa unapoihitaji.

Nguo

Mwenzetu alikuwa amenunua makoti mawili mazito mnadani. Tukamwuliza: nguo hizi za mitumba zimetoka wapi? Akacheka. Huko aendako yako maduka ya hisani yanayouza nguo zilizotumika kwa bei nafuu, tena zilizotengenezwa kwa baridi ya kule. Koti moja likabaki nyumbani. La pili tukamshauri alibebe mkononi siku ya safari, asilipime katika sanduku.

Kinachofaa zaidi ni nguo nyepesi za kuvaa moja juu ya nyingine: fulana za ndani za mikono mirefu, sweta mbili, soksi nene, kofia ya sufi, na viatu visivyopitisha maji. Mwezi wa Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni, na ngozi iliyozoea joto hukauka na kupasuka. Mafuta ya mgando ni rafiki mwema. Weka pia kanga mbili na kitenge kimoja. Kanga ni taulo, ni shuka, ni vazi la nyumbani, na siku ya upweke ni harufu ya kwetu.

Chakula na mizigo ya watu

Hapa ndipo kilo zilipokuwa zimejificha. Unga wa sembe kilo tano tuliutoa wote. Maduka ya vyakula vya Kiafrika yapo katika miji mikubwa ya Uingereza. Dagaa wakavu tuliwaacha kidogo, kwa kuwa samaki wakavu wa kula mwenyewe wanaruhusiwa kwa kiasi. Lakini nyama, maziwa na samli kutoka nchi zetu haziruhusiwi kabisa, hata kama zimekaushwa au kufungwa vizuri. Mbegu, miche na matunda mengi mabichi navyo hutakiwa kuwa na cheti cha afya ya mimea.

Tulipofika chini tukakuta kifurushi kilichoshonwa kwa uzi. Kilikuwa cha jirani mmoja mtu mzima, aliyeomba kipelekwe kwa kijana wake. Mwenzetu hakujua kilichomo, na aliona haya kuuliza. Tukamwita mama yule, tukamwambia kwa heshima, "Mama, shikamoo. Tunaomba tukifungue pamoja nawe, maana mwanao huyu ndiye atakayeulizwa uwanjani." Hakukasirika. Ndani mlikuwa na nyama kavu na chupa ya samli. Alivirudisha, akaandika barua tu kwa mwanawe.

Akina mama wenzetu, jambo hili si dogo. Leo ilikuwa nyama; kesho huweza kuwa kitu cha kumfunga mtu miaka mingi katika gereza la ugenini. Ofisa wa forodha hamjui jirani yako. Anamjua mwenye sanduku. Usibebe kifurushi ambacho hukukifungua na kukifunga kwa mikono yako mwenyewe, hata kikitoka kwa mtu mnayesali naye.

Dawa na vyombo

Dawa unazotumia kila siku zichukue katika paketi zake zenye jina lako, pamoja na barua ya daktari. Dawa kali za maumivu zenye kodeini au tramadoli zina masharti katika nchi nyingi, hivyo uliza mapema. Mwanafunzi aombapo viza ya Uingereza hulipa ada ya afya, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 776 kwa mwaka, na baada ya hapo hutibiwa kama wenyeji. Lakini meno na miwani kwa kawaida hulipiwa mbali. Ng'oa au ziba jino kabla hujaondoka, na ubebe miwani ya pili.

Pasi na birika la umeme viache. Plagi za Uingereza ni zenye pini tatu kama za kwetu, hivyo chaja yako itaingia bila taabu. Ukienda Ujerumani au Ufaransa utahitaji kiunganishi. Betri ya akiba ya simu ikae katika mkoba wa mkononi, hairuhusiwi katika sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Na laini yako ya simu ya nyumbani usiitupe, kwa kuwa benki hutuma ujumbe wake huko.

Mfuko unaobaki

Sanduku lilipofika kilo 22 tulidhani kazi imekwisha. Ndipo mama mkwe, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza, "Mwanangu, huyu mdogo akishikwa na homa usiku, kadi yake ya bima iko wapi?" Mwenzetu akafungua mkoba wake wa safari. Kadi za watoto wote wawili zilikuwamo ndani, pamoja na kadi ya kliniki ya yule mdogo. Zingepanda ndege naye.

Tulinyamaza. Kisha tukachukua mfuko wa pili, tukaanza kuufunga. Humo tuliweka kadi za bima na za kliniki, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, namba za mwalimu wa darasa na za daktari, na daftari dogo. Mama akaandika humo kila alichokuwa akikijua yeye peke yake: kwamba mdogo hutokwa na vipele akipewa dawa fulani, kwamba mkubwa huogopa giza lakini hasemi, siku ya kulipa ada, na nani anayeruhusiwa kuwachukua shuleni. Kwa mambo ya kiwanja na benki, yeye na mumewe walikubaliana kwenda kwa wakili kuandika hati ya mume kutenda kwa niaba yake. Na mbele ya bibi wakapanga siku na saa za kupiga simu, ili watoto wajue lini watamsikia mama.

Mtume Paulo, akiwa kifungoni, alimwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Tena akamsihi ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Ukisoma sura ile ya nne ya Waraka wa Pili utaona kwamba hata mtu wa imani kuu huhitaji nguo ya baridi na maandishi yake, na zaidi ya hayo huhitaji watu wake.

Ilibaki kilo moja tu kufikia kilo 23. Mwenzetu alileta fulana ya mtoto wake mdogo, iliyovaliwa jana yake na haijafuliwa. Mmoja wetu akataka kusema haina kazi. Mama mkwe akaipokea, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya nguo zote. "Hii haina uzito," alisema. Tukafunga sanduku, tukaomba pamoja, tukanywa chai.

Ewe mama unayejiandaa kwa safari, funga masanduku yako mawili mapema. Nawe uliye jirani wa watoto waliobaki, usingoje kuitwa. Pita jioni uwasalimu. Bwana awalinde wote, waendao na wabakio.