Elimu ya Anga na Mwana wa Mkulima

BARAZA LA JUMA
Na Yusufu Mwinyimkuu

Shirika la ndege linapotaka kumwajiri rubani mpya, husaili mambo mawili kabla ya mengine yote: elimu aliyoipata na saa alizoruka. Kanuni za kimataifa zamtaka mwombaji wa leseni ya rubani wa biashara awe ametimiza saa 200 angani, ama 150 ikiwa amefuata mafunzo ya mfululizo chuoni. Na atakaye leseni ya juu ya usafirishaji, ili awe nahodha wa ndege kubwa, sharti afikishe 1,500. Baina ya idadi hizo ndipo rubani anapokomaa, na mahali pamoja pa kukomalia ni hapa petu, Karatu na Ngorongoro.

Kwani vijana wengi huanzia katika Cessna Caravan, ndege ya injini moja, wakiwachukua watalii hadi kiwanja cha Manyara, kilichokaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, au Ndutu, ambako nyumbu huzaa mwanzoni mwa mwaka, na rubani hulazimika pengine kupita chini kwanza ili wanyama waondoke njiani, ndipo arudi atue. Mwinuko wa nchi na jua la adhuhuri huifanya hewa kuwa nyepesi, injini ikapungua nguvu na bawa likapungua uwezo wa kubeba, hata mzigo hauna budi kupimwa kwa hadhari kubwa. Anga hii haina muhali: tarehe 10 Januari 1959 Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani wa miaka 24 aliyekuja na baba yake kuhesabu wanyama wa Serengeti, alifariki baada ya ndege yake kugongana na tai, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro.

Kwa hiyo nawasihi waajiri waulize saa zilirukwa wapi na katika hali gani, wasitosheke na jumla yake. Baada ya ajali ya mwaka 2009 karibu na Buffalo, iliyoua watu 50, Marekani iliamuru hata rubani msaidizi awe na saa 1,500; ilhali marubani wote wawili wa ndege ile walikwisha kuipita idadi hiyo.

Walakini elimu hii ina mlango mwembamba. Mwana wa mkulima wa ngano wa Karatu, au wa vitunguu wa Mang'ola, aliyefaulu fizikia na hisabati kidato cha sita, huambiwa alete makumi ya mamilioni ya shilingi kabla hajaruka hata saa moja peke yake. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha chuo cha urubani Soroti, Uganda, kwa kuamini kwamba elimu hii ni amana ya umma. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, na gharama ikarudi mabegani mwa wazazi. Leo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kimeingia katika mafunzo hayo, nami naona ni wajibu wa serikali, pamoja na makampuni yanayochuma katika viwanja vyetu, kuwakopesha vijana hawa karo kwa sharti la kuitumikia anga ya kaskazini miaka kadhaa. Nchi inayokodolewa macho na dunia nzima kutoka angani ina haki ya kurushwa na watoto wake wenyewe, maskini kwa tajiri.