Boksi Lisemalo Uongo

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeifundisha methali hiyo kwa miaka mingi, na leo nakiri kwamba imepungukiwa. Siku hizi kibaya hakihangaiki kujitembeza. Hufungwa ndani ya boksi linalong'aa, kikatulia rafuni kikimngoja mtoto.

Mjukuu wangu alimaliza likizo nzima akibeba tangawizi kule Mamba Miamba, akilipwa kwa kila mzigo, ili anunue gemu ya mkononi. Tukateremka naye kwa basi la kupitia Kisiwani hadi Same mjini. Dukani akasimama mbele ya boksi lenye picha ya kioo kinachowaka, rangi zimejaa kama kitenge kipya, na maandishi ya kigeni yakitangaza michezo 400. Akanitazama. Nami, kwa mazoea ya ualimu, nikamwambia, "Soma boksi, mjukuu wangu." Naomba msomaji aikumbuke kauli hiyo, maana ndiyo inayoninyima usingizi.

Niliomba boksi lifunguliwe. Kijana wa duka, ambaye alikwisha kuniamkia kwa heshima zote, akasema, "Samahani Mwalimu, likifunguliwa limenunuliwa." Tukalipa. Kupitia dirisha la nailoni tulikuwa tumeona kioo chenye picha nzuri ajabu; kumbe ilikuwa karatasi iliyobandikwa juu yake. Tulipoibandua nje, katika jua la Same lisilomhurumia mtu, kilibaki kioo kidogo cheusi ambamo mtoto aliuona uso wake mwenyewe tu. Kivulini picha ilitokea, imefifia, na ukikiinamisha kidogo rangi hugeuka, nyeupe ikawa nyeusi. Pembeni palikuwa na ufa mwembamba. Ndani ya boksi hamkuwa na sponji wala karatasi ya kuzuia mtikisiko. Kifaa kilikuwa kimesafiri safari yake yote kikigongana na waya wake wa kuchajia. Tuliporudi ndani tukaonyeshwa mstari wa chini wa risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Najua nitaambiwa, "Mzee, hicho ni kitu cha kuchezea tu, tena cha bei rahisi, ulitarajia nini?" Kioo kizuri sikukitarajia. Nilitarajia boksi liseme kweli.

Kioo duni chenyewe si kosa. Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Game Boy, ambayo kioo chake kilikuwa hafifu hata kwa siku zile: nukta 160 kwa 144, vivuli vinne tu, bila taa yoyote ndani. Mbunifu wake, Gunpei Yokoi, alikubali udhaifu huo kwa makusudi ili bei iwe nafuu na betri nne ndogo zidumu. Mwaka uliofuata washindani wao, Sega, wakaleta Game Gear yenye kioo cha rangi na taa, ikala betri sita kwa saa chache. Ile hafifu ndiyo iliyoshinda. Na kwa kuwa kioo kisicho na taa hutegemea mwanga wa nje, juani ndiko kinakoonekana vizuri. Kingeishi Same kwa raha kuliko mimi.

Wala matatizo haya si ya vifaa vya rahisi peke yake. Nintendo Switch 2 ilipoanza kuuzwa tarehe 5 Juni 2025, katika duka moja la GameStop huko Staten Island, New York, wafanyakazi walibana risiti kwenye maboksi kwa stepla, na pini zikapenya kadibodi hadi kuharibu vioo, maana kifaa kililala karibu kabisa na uso wa boksi. Wengine wakalalamikia kioo chenyewe, kwamba picha zikienda mbio huacha ukungu. Lakini wale waliotobolewa vioo walibadilishiwa vifaa. Sisi tulionyeshwa risiti.

Hatukosi sheria. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Shirika la Viwango lipo tangu 1975. Hata hivyo mstari mmoja wa risiti, uliochapwa na mwenye duka kwa hiari yake, umegeuka kuwa sheria kuu ya kaunta. Mimi nasema kifaa chenye kioo kifunguliwe na kuwashwa mlangoni, penye mwanga, kabla fedha haijatoka mfukoni. Na boksi lieleze kwa Kiswahili ukubwa wa kioo na kama kina taa, na picha iliyo juu yake iwe imepigwa kutoka kioo hicho hicho. Enzi za uhaba tulikatiwa sabuni ya mche kaunta, haina hata karatasi. Tuliteseka, lakini tulikiona tulichonunua.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, nikiwa kijana, tuliwaambia wakulima kwamba ajuaye kusoma haibiwi kwenye mizani. Baadaye nikawaambia hivyo wanachuo wangu, nao wakaenda kuwaambia watoto katika shule walizopangiwa. Tulijenga imani katika maandishi, tofali juu ya tofali. Sasa mtoto anasoma kama tulivyomfundisha, na ni kusoma kwenyewe kulikomwibia. Mjukuu wangu hakulia. Tukiwa ndani ya basi alisema tu, "Lakini Babu, si uliniambia nisome?"

Jumatatu nitateremka tena Same na boksi lile. Nimepigia mstari kwa kalamu nyekundu kila neno lisilo la kweli. Mpaka sasa ni kumi na moja, na upande wa chini sijausoma.