Mkasi butu uliniaibisha darasani

Najua nimeadimika, msinilaumu. Tesiti zilifuatana kama daladala za asubuhi, na bumu nalo mnajua mwendo wake.

Leo nina neno kuhusu kupunguza mimea ya kwenye tangi la samaki. Rumeti wangu kaniona naandika, kacheka. Eti hayo mambo ya watu wa Masaki, sisi walimu watarajiwa yanatuhusu nini? Ngoja niwape kisa.

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha, shule niliyopangiwa ilikuwa na tangi la kioo maabara. Perege wadogo watatu, na hidrila imesongamana mpaka samaki huwaoni. Amri ilikuwa moja: msiguse, itakufa. Basi haikuguswa. Juu kijani, chini mashina ya njano yamevaa utando wa mwani, maana mwanga haufiki.

Ikafika siku ya kipindi cha usanisinuru, kidato cha tatu, msimamizi kutoka chuo kakaa nyuma na fomu yake. Jaribio mnalikumbuka: hidrila ndani ya bika la maji, faneli juu yake, tyubu juu ya faneli, jua la dirishani, halafu mnahesabu viputo vya oksijeni. Mimi nikachukua mkasi wa maabara, ule unaokatia maboksi, una kutu, nikang'oa mashina ya chini na kuyakata vipande. Tukasubiri. Kiputo kimoja. Kimya. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, huu mmea umelala?" Darasa likaangua kicheko. Nikachemsha, wadau. Mwishoni nikawaambia waandike jibu la kitabuni.

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kuchekwa si kitu. Niliwafundisha watoto wa watu kuandika wasichokiona.

Jioni nilibaki na wanafunzi wawili tukanunua wembe mpya dukani. Tukachukua ncha changa za juu, tukazikata mshazari ndani ya maji. Dakika chache tu, viputo mfululizo kama soda! Sababu ni rahisi: shina la hidrila lina njia za hewa ndani yake, na oksijeni hutokea pale lilipokatwa. Mkasi butu haukati, unaponda, na njia zinazibana. Na shina chakavu lenyewe halina nguvu ya kutengeneza gesi ya kutosha.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: usiponyoa tangi, hulitunzi, unalitelekeza. Wapo wanaosema ziwani hakuna mwenye mkasi. Kweli, ila ziwani kuna mawimbi, kuna samaki na ndege wanaokula majani, na kuna nafasi. Kwenye tangi kazi hiyo ni yako.

Ila usikate hovyo, kila mmea na kinyozi wake:

Yenye mashina marefu, kama hidrila, kata juu kidogo ya kifundo. Kisiki kitachipua matawi pembeni, na kile kipande cha juu ukikipanda kinaota. Mmoja unakuwa miwili, bure.

Yenye majani yanayotoka chini kwa pamoja, kama valisneria, usikate jani katikati, litageuka kahawia pale ulipokata. Ondoa jani zima lililozeeka, karibu na shina.

Yenye shina nene linalotambaa, kama anubiasi za misitu ya Afrika ya Magharibi na Kati, gawanya hilo shina kwa kisu kikali, kila kipande kibaki na majani matatu au manne. Kifunge kwenye jiwe, usikifukie mchangani, kitaoza.

Usiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mkupuo. Na vipande vyote vinavyoelea vitoe, vikioza vinamaliza oksijeni na kuchafua maji ya samaki.

Vifaa? Kuna seti za mikasi mirefu iliyopinda na vibano vyake. Nzuri, na kwenye tangi la kina kirefu zinasaidia kweli. Lakini tusijifiche nyuma ya bajeti. Mkasi mkali uliosafishwa, ambao haukati karatasi wala boksi, pamoja na wembe, vinatosha tangi la shule.

Jambo la mwisho, naomba mlishike: mabaki msitupe mtoni wala bwawani. Yaanike yakauke, kisha yaende kwenye mbolea. Magugu maji yameisumbua Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, nayo asili yake ni Amerika ya Kusini. Mmea wa majini hauhitaji mbegu kusafiri, kipande kinatosha.

Nilirudia lile jaribio wiki iliyofuata, bila msimamizi, bila maksi. Wakahesabu wenyewe, wakabishana nani kakosea. Alama yangu kwenye fomu haikubadilika, na sina kinyongo.

Ninyi mnaokwenda mazoezini mwaka huu, kabla ya kulalamika kwamba maabara haina vifaa, ulizeni kwanza mkasi wake unakata nini.

Haya, narudi kwenye madesa. Tuko pamoja.