"Mipango si Matumizi"

Katika mikutano ya vyama vyetu vya kahawa, kutoka Rombo hata Machame, liko neno moja ambalo likitamkwa huzima kila swali. Mwanachama husimama, huvua kofia, huuliza kwa adabu: "Ndugu Mwenyekiti, mwaka jana tulikubaliana kwamba fedha za vichanja ni za vichanja. Mbona vichanja hatuvioni?" Mwenyekiti hutabasamu na kujibu: "Mzee wangu, mipango si matumizi." Watu hucheka, yule mzee huketi, na mkutano huendelea na habari nyingine. Sisi nasi tumecheka, tena si mara moja. Leo twataka kusema waziwazi, hata kama wako watakaochukia, kwamba neno hili limekuwa kichaka cha kuficha uvivu wa kufikiri, na kwamba limevipotezea vyama vyetu fedha nyingi.

Wala hatusemi kama watu wasiohusika. Chama kimoja cha msingi, ambacho hatutakitaja kwa kuwa kosa lake ni kosa la wengi, kilituita sisi walimu tukiandikie makadirio ya mwaka. Msimu uliotangulia ulikuwa mwema. Basi wazee wakasema, chukueni kilo za mwaka jana, zidisheni kwa fungu la chama la mwaka jana, mtapata fedha za mwaka huu. Tukashika chaki, tukazidisha ubaoni, tukapata jumla iliyowafurahisha wote. Kisha tukaigawa: ghala jipya, mtambo wa kumenyea kahawa, mshahara wa karani, mchango wa shule, na mwisho kabisa, kwa fedha zilizobaki, vichanja vya kuanikia. Hakuna aliyeuliza, je, zisipopatikana? Hata sisi wenye chaki hatukuuliza.

Mwaka ule mvua za vuli zilichelewa na bei ikashuka. Kuta za ghala zikafika kimo cha madirisha, zikasimama. Mtambo ulikwisha kulipiwa arubuni, salio halikupatikana, na arubuni haikurudi. Vichanja, kwa kuwa viliandikwa mwisho, havikupata hata msumari. Kahawa ikaanikwa juu ya maturubai chini, ikanyeshewa, ikashuka daraja, na wenye kahawa wakalipwa kwa daraja hilo. Hesabu yetu ya kuzidisha haikuwa na kosa hata moja. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mwaka ujao ni ndugu pacha wa mwaka uliopita.

Na ni nani katika mlima huu awezaye kudhani hivyo, ikiwa amesikia habari za kahawa tangu babu yake? Usiku mmoja wa baridi kali huko Brazil, mwezi wa Julai 1975, uliunguza mibuni, na mwaka 1977 bei katika soko la New York ikapita dola 3 kwa ratili. Julai 1989 mapatano ya mataifa juu ya viwango vya kuuza kahawa yalivunjika, na kabla ya mwaka kwisha bei ilikuwa imeanguka karibu nusu. Mwaka 2001 ikashuka chini ya senti 50 za dola. Mwaka 2011 ilikuwa imepanda tena karibu na dola 3, mwaka 2018 ikawa chini ya dola 1, na Februari 2025 ikapita dola 4. Hakuna hata moja katika hayo lililoamuliwa Kibosho au Marangu. Mkulima wa Kilema hutunza mbuni wake vilevile, hupalilia vilevile, huchuma vilevile, na malipo yake huwa mara mbili au nusu kwa sababu ya mambo yaliyotendeka ng'ambo ya bahari.

Wazee wetu waliyaona hayo mapema. Chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa wenyeji, kilichoanzishwa mwaka 1925 na ambacho Joseph Merinyo alikuwa kiongozi wake, kiliyumba sana bei za dunia zilipoporomoka baada ya mwaka 1929, na mwaka 1933 KNCU ikachukua mahali pake. Hata KNCU haikupona jaribu hilo. Mwaka 1937, malipo yalipokuwa madogo na sheria ikiwalazimisha wakulima kuuza kwa chama tu, ghasia zilitokea mlimani na maghala ya chama yakashambuliwa. Wako wanaosema kwamba watu wale walikuwa wakaidi. Sisi twaona kwamba watu waliozoea malipo mazuri, wasioelezwa mapema kwamba malipo yaweza kupungua, wala kwa sababu gani, lazima wamtuhumu aliye karibu nao, yaani karani na mwenyekiti. Huko New York hawawezi kufika na fimbo.

Hapa ndipo husimama watu wa namna ya pili, ambao twawaogopa kuliko wale wa "mipango si matumizi". Hawa husema: ikiwa bei haijulikani na mvua haijulikani, basi mipango ya nini? Tungoje fedha ziingie, ndipo tuamue. Maneno haya yana sura ya busara, walakini ndani yake hamna kitu. Fedha zikiingia bila mpango huamuliwa na mwenye sauti kubwa katika kikao cha siku ile. Tumeliona jambo hili katika vyama, katika kamati za shule, na, tusifiche, katika kamati za ujenzi wa makanisa.

Wala si desturi yetu ya asili. Tazama kihamba. Mama apandaye migomba, na chini yake mibuni, na chini ya mibuni maharagwe na magimbi, na ng'ombe wake yuko zizini akila majani ya migomba na kurudisha mbolea, hajui mvua ya mwaka huu itakuwaje, wala bei ya kahawa, wala kama ugonjwa wa chulebuni utaingia. Kwa sababu hajui, ndiyo maana amepanga hivyo. Tena anayo shamba la mahindi huko chini tambarare, ambako mvua ina tabia nyingine. Tazama na mifereji yetu, mifongo. Wahenga hawakujua mto utakuwa na maji kiasi gani wakati wa kiangazi. Lakini walijua kabla ya kiangazi ni nani atapata maji siku gani, na ni nani atatozwa faini asipokuja kuzibua. Na maji ya usiku, yasiyo na mtu wa kuyatumia, waliyakusanya katika bwawa la nduwa ili asubuhi yawe mengi. Nyumbani kwetu twaishi kwa mpango wa mtu asiyejua kesho. Tukiingia katika nyumba ya mkutano twauacha mlangoni pamoja na miavuli.

Basi twataka nini? Twataka kwanza makadirio yasiandikwe kwa hesabu moja. Tuseme kwa mfano chama hupokea kilo 40,000, na katika kila kilo hubaki na shilingi 300. Hiyo ni milioni 12. Huo ni mwaka wa kawaida. Lakini mvua zikikosa, na baadhi ya wanachama wakiuza kwa wanunuzi wa njiani, zitakuja kilo 30,000, na bei ikianguka fungu litakuwa shilingi 200. Hiyo ni milioni 6. Mwaka wa neema waweza kuleta kilo 50,000 kwa shilingi 400, nazo ni milioni 20. Mtoto wa darasa la tano aweza kufanya hesabu hizi tatu kwa dakika chache. Kazi iliyo ngumu ni ile ifuatayo, nayo haitaki chaki, yataka moyo: kukubaliana mbele ya watu wote kwamba milioni 6 ndizo tulizo nazo, na zile nyingine ni wageni, wakija tutawakaribisha.

Katika zile milioni 6 yaandikwe yale ambayo chama bila hayo si chama: vichanja, mizani iliyopimwa, mshahara wa karani, dawa za mibuni, usafiri wa kahawa kwenda kukobolewa. Kisha iandikwe, ikiwa zitafika milioni 12, kitakachoongezwa ni hiki, na baada yake hiki. Nalo la muhimu kuliko yote, mwandishi aliandike katika kitabu cha mkutano tangu mwanzo: fedha zikipungua, kitakachoachwa kwanza ni kipi? Neno hili hakuna apendaye kulisema siku ya furaha. Lakini lisiposemwa siku ya furaha, litasemwa siku ya shida, na siku hiyo kila mtaa utatetea kazi iliyo karibu na nyumba zake.

Tena kazi kubwa ikatwe vipande, na kila kipande kikimalizika kiwe na faida peke yake. Ghala la vyumba vitatu lijengwe chumba kimoja, kiezekwe, kifungwe mlango, kitumike. Mwaka mwingine cha pili. Wengine hulalamika kwamba kujenga hivi ni ghali zaidi, kwa kuwa fundi huitwa mara tatu na lori la mchanga hukodiwa mara tatu. Ni kweli, gharama huzidi. Ziada hiyo ni malipo ya kutokujua kwetu, nayo ni ndogo kuliko gharama ya kuta zisizo na paa. Na mibuni ivumayo fikara zetu kwa haraka nayo ni vivyo hivyo: wataalamu wa utafiti pale Lyamungu wanatoa aina bora zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, lakini mche mpya hungoja kama miaka mitatu kabla ya kuzaa vema. Anayeng'oa mibuni yote ya kale kwa siku moja kwa kuwa bei ni nzuri, amejiwekea miaka mitatu ya njaa, wala hajui bei itakayomlaki. Ang'oe safu chache kila mwaka.

Sasa twafika kwenye jambo zito, nalo ni akiba. Kila mhubiri ametuhubiri habari za Yusufu na maghala ya Misri, na kila mwenyekiti ameyarudia. Lakini Yusufu alifunuliwa idadi ya miaka. Alijua shibe ni saba na njaa ni saba. Sisi hatukuota ndoto yoyote. Kwa hiyo akiba yetu ilipasa iwe na ulinzi mkubwa kuliko yake, na kumbe ndiyo ya kwanza kugawanywa. Kwa nini? Viongozi husema, kwa sababu wanachama ni walafi. Hilo si kweli, nasi twalikataa. Mama mmoja mjane, mwanachama wa miaka mingi, tulipomwuliza kwa nini alinyoosha mkono ili akiba igawanywe, alitujibu: "Mwalimu, fedha nikiishika mkononi ndiyo yangu. Ile ya kitabuni nimeisikia tangu nikiwa bibi arusi."

Ni nani atakayemlaumu? Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika, KNCU ikiwamo, na mambo yaliyojengwa kwa kilo za wakulima yakawekwa mikononi mwa wengine, mpaka vyama viliporudishwa miaka ya 1980. Tena tangu msimu wa 1994/95, wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa vijijini, wanachama wameona kwamba mwenye noti mkononi leo hushinda mwenye ahadi ya malipo ya pili. Mtu aliyepitia hayo, akiambiwa aache shilingi zake katika akiba, hufanya hesabu yake mwenyewe, na hesabu hiyo si ya ujinga.

Kwa hiyo anayetaka akiba na aanze kwa kuifanya ionekane. Iwe na hesabu yake benki, mbali na fedha za kazi za kila siku. Salio lake liandikwe ubaoni nje ya ofisi kila mwezi, kwa tarakimu kubwa, hata mwenye kupita na mzigo wa majani alisome. Itiwe sahihi na watu watatu, na mmoja wao asiwe mjumbe wa halmashauri. Na iandikwe tangu mwanzo itafunguliwa lini: kwa mfano, kilo zikipungua chini ya 30,000, au kijito kikibomoa daraja la ghala. Isifunguliwe kwa ajili ya sherehe, wala kumpokea mgeni, wala kumalizia kile ambacho halmashauri ilikianza kwa pupa. Mwenyekiti akiona masharti haya ni kumtukana, na ajiulize mbona mwenye duka anayemkopesha sukari huandika daftarini, nao ni marafiki.

Malipo ya awali nayo yaangaliwe. Chama kinachokopa benki ili kuwalipa wakulima malipo makubwa ya kwanza, kikitumaini mnada utalipa, kimecheza kamari kwa jina la wanachama wake. Mnada ukishuka, deni ni la wote. Kiongozi anayetangaza malipo makubwa hupigiwa makofi Julai. Inampasa aulizwe pia habari za Machi.

Mwisho, makadirio yasiwe kama jiwe la kaburi, likisimikwa haliguswi. Yasomwe tena mara maua ya mibuni yakishatoka na mtu aweza kuona mavuno, na mara ya pili mauzo ya kwanza yakijulikana. Kuyabadilisha hadharani, kwa sababu zilizoandikwa, si kuvunja neno. Kuyabadilisha chumbani na kisha kusema "mipango si matumizi", huko ndiko kuvunja neno.

Chama kile tulichokitaja kimetuita tena mwaka huu. Tumeandika hesabu tatu, na ubishi ulichukua vikao viwili, maana kila mtu aliiona hesabu ya chini kuwa ni uchuro. Vichanja vimewekwa kwanza. Chumba kimoja cha ghala kitaezekwa ikiwa tutafika ile hesabu ya kati. Vile vyumba viwili vingine vitangoja; migomba imekwisha ota ndani yake, na mkungu mmoja umeuzwa, shilingi zake zikaingizwa katika akiba na kuandikwa ubaoni.